Je, Asiyepima Hana Hatia?

Ndugu msomaji, kuna swali nililoulizwa mjini Ujiji ambalo siku ile sikulijibu vizuri. Tulikuwa tumemaliza darasa baada ya sala ya alasiri, na mazungumzo yetu yalihusu biashara ya halali. Mzee mmoja mkulima, ambaye shamba lake liko upande wa Kasulu na ambaye huja mjini kuwatembelea wanawe, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, siku hizi tunahimizwa nafaka yetu ipimwe kabla ya kuiuza. Mimi nisipopima, nauza kwa nia safi, maana sijui ubaya wowote uliomo ndani ya gunia. Nikipima, nikaambiwa mahindi yana sumu, nimepata hasara, na juu ya hasara nimetwishwa mzigo wa kujua. Je, si heri kutojua?"

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka, nami sikucheka, kwa sababu swali lake si la mahindi peke yake. Ni swali la kila mtu anayeogopa kuufungua mlango fulani asije akaona wajibu wake umesimama nyuma yake. Nilimjibu kwa maneno machache, kwani muda ulikuwa umekwisha. Hapa nataka nimjibu kwa ukamilifu, na wewe msomaji uwe mwamuzi.

Kwanza tuangalie jinsi nafaka inavyouzwa. Mnunuzi hufika na bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji. Hulichoma gunia ubavuni, akatoa punje chache, akazimwaga kiganjani, akaziuma moja mbili, kisha akasema: "Haya bado mabichi." Papo hapo bei hushuka. Mkulima hana la kujibu. Huenda mnunuzi amesema kweli, na huenda anatafuta faida tu. Lakini nani atakayejua, ikiwa mwenye kupima ndiye huyo huyo mwenye kununua? Kwa upande wa pili, si wakulima wote walio malaika. Wapo wanaoweka mahindi mazuri juu ya gunia na mabovu katikati, na wapo wanaoacha mawe na mchanga yaongeze uzito. Basi mnunuzi, akijua hayo, hudai lumbesa, yaani gunia lililofura juu ya ujazo wake, ingawa sheria ya vipimo imeikataza. Mkulima, akijua kuwa atadaiwa lumbesa, huona si kosa kuchanganya. Hivyo dhuluma huzaa dhuluma, na kila mmoja huitaja dhambi ya mwenzake kuwa udhuru wake.

Kurani Tukufu ina sura nzima, sura ya 83, iliyopewa jina la watu wapunjao. Humo Mwenyezi Mungu anawalaumu wale ambao wakipokea kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tazama kwamba lawama haikumwendea muuzaji tu. Mnunuzi mwenye lumbesa yumo humo humo, na mkulima mwenye mawe yumo pia.

Sasa tuulize: nini hasa kinachopimwa? Viko vitu ambavyo macho na meno ya mkulima huweza kuvijua. Unyevu ni mmoja wao. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, kwa kuwa yakizidi hapo kuvu huota ghalani. Hata asiye na chombo cha kupimia anaweza kujisaidia. Atwae chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, aongeze vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, aizibe na kuitikisa kwa dakika moja, kisha aiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na yarudi juani. Isipoganda, yamekauka kiasi. Katika mkoa wa Kigoma, ambako mvua huanza Oktoba na kuendelea hata Mei, jambo hili si dogo, maana mara nyingi mavuno hukutana na mawingu.

Lakini kiko kitu ambacho jicho halikioni wala ulimi hauionji ladha yake, nacho ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu fulani zinazoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine, shambani wakati wa ukame na ghalani wakati wa unyevu. Wanasayansi waliitambua baada ya msiba wa mwaka 1960, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu hiyo. Sumu hii huharibu ini. Ikiliwa nyingi kwa pamoja huua katika muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Kupika ugali hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika sehemu bilioni 1. Ukitaka kuona udogo wa kiwango hicho, fikiri magunia 1,000 ya kilo mia mia, na ndani ya yote hayo gramu 1 tu ya sumu. Nani aliye na jicho la kuiona? Ndiyo maana hapa hapana budi pawepo mpimaji mwenye chombo.

Wala haya si maneno ya vitabuni. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki dunia. Mwaka 2016, hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Nakuomba msomaji uziweke hesabu hizi akilini, kwani nitazirudia.

Basi tumjibu mzee. Anasema kwamba asiyejua hana hatia. Kwa upande mmoja amesema kweli. Dini imetufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Babu zetu walikula na kuuza nafaka kabla ya mwaka 1960 bila mtu yeyote duniani kulijua jina la sumu hii, na hakuna atakayewashitaki. Hata leo, mkulima aliye mbali, asiyefikiwa na mpimaji, amefanya wajibu wake ikiwa amekausha mahindi yake juu ya turubai au kichanja badala ya ardhini, akachambua punje zilizooza na zilizovunjika, na akaihifadhi nafaka mahali pakavu. Lakini kutojua kwa yule aliyenyimwa njia ya kujua si sawa na kutojua kwa yule aliyeikimbia njia hiyo. Mtu anayefumba macho kwa makusudi karibu na kisima, kisha akamsukuma mwenzake ndani, hawezi kusema kuwa hakukiona kisima. Alipoyafumba macho ndipo alipochagua. Na mzee wetu, kwa kusema kuwa anaogopa kupima asije akajua, amekwisha kukiri kuwa anashuku. Ambaye hashuku lolote haogopi kupimwa.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, mwalimu wetu wa Hadithi alitusimulia habari mashuhuri ya Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni na kukuta rundo la nafaka. Aliingiza mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikakuta umaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, ili watu waione. Na akaonya kwamba adanganyaye si mmoja wake. Baada ya kusimulia, mwalimu alituuliza: "Je, mtu yule alikosa kwa sababu ya mvua?" Tulinyamaza. Akasema: "La. Mvua ilitoka kwa Mungu. Kosa lake ni mahali alipoiweka nafaka iliyolowa."

Nimelifikiri sana neno hilo. Mkulima hakuiumba kuvu, wala hakuita ukame au mvua. Nafaka kuharibika si dhambi yake. Hapa mzee apate faraja: kipimo hakimhukumu mkulima, kinaihukumu nafaka. Aibu haimo katika kuambiwa kuwa gunia lako ni bovu. Tena angalia kwamba Mtume Mtukufu hakungoja mteja alalamike, wala hakuridhika kutazama uso wa rundo. Aliingiza mkono mpaka ndani, naye hakuwa muuzaji wala mnunuzi wa nafaka ile. Huo ndio upimaji wa mtu wa tatu.

Lakini iko tofauti baina ya nafaka iliyolowa na nafaka yenye sumu, na wengine huisahau. Iliyolowa, ukiiweka juu watu wakaiona, unaweza kuiuza kwa bei yake; mnunuzi ataianika. Nafaka iliyopita kiwango cha sumu haihalalishwi kuwa chakula kwa kutangazwa tu. Mnunuzi anaweza kukubali kwa tamaa ya bei ndogo, lakini siye atakayeila. Ataipeleka kwa mwingine, na yule kwa mwingine, na mwisho itafika kwenye sahani ya mtoto ambaye hakuwapo mlipopatana.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa mzee mwenyewe. Anapofikiri juu ya kipimo, anamfikiria mnunuzi. Amesahau kwamba gunia lisilouzwa hurudi nyumbani. Sasa turudie zile hesabu. Wale waliougua Kenya mwaka 2004, na wale wa Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa sehemu kubwa walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe au ya jirani zao. Hakuna tajiri aliyewaletea sumu kutoka mbali. Na huko Kenya, wachunguzi walipochukua sampuli katika masoko ya sehemu zile, zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango, maana nafaka ile ile ya nyumbani ilikuwa imeingia sokoni pia. Basi anayesema "heri nisijue" anadhani anajificha na wajibu kwa mnunuzi, kumbe anajificha na habari za chungu chake mwenyewe. Ikiwa ataogopa kupima kwa ajili ya bei, je, hatapima kwa ajili ya wajukuu wake?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini apime mtu wa tatu? Kwa nini mkulima na mnunuzi wasiaminiane? Jibu ni kwamba kuaminiana ni kuzuri, lakini Mwenyezi Mungu, ambaye anazijua nyoyo, hakuwaachia waja wake imani tupu katika mambo ya mali. Katika sura ya Al-Baqara ameamuru kwamba watu wakikopeshana kwa muda, mkataba uandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu baina yao, na mashahidi waitwe. Hakusema mdai aandike mwenyewe. Na tena amekataza mwandishi au shahidi kudhuriwa. Ajabu ya hekima! Maana anayesimama katikati huchukiwa na yule ambaye ukweli umemwangukia. Mpimaji wa nafaka ni mwandishi wa namna hiyo. Asitishwe na mkulima, wala asinunuliwe na tajiri, na ujira wake uwe ule ule, nafaka ikifaa au isipofaa.

Ili uadilifu huo uwe na miguu ya kusimamia, wapimaji wamejiwekea utaratibu. Hawachukui punje za gunia moja tu, wala za juu peke yake, kwa sababu sumukuvu haikusambaa sawasawa. Punje chache mbovu zinaweza kuwa na sumu ya kulichafua gunia zima, na nyingine zote zikawa safi. Hivyo huchoma bambo katika magunia mengi na katika sehemu mbalimbali za kila gunia, huzichanganya punje hizo pamoja, hugawa, husaga, ndipo hupima. Na palipo na utaratibu mzuri, sampuli hugawanywa: fungu moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na moja hutiwa lakiri na kuhifadhiwa, ili ugomvi ukitokea lifunguliwe mbele ya wote. Hapo hata mpimaji mwenyewe amewekewa shahidi.

Faida ya shahidi huyu kwa mkulima ilionekana waziwazi tarehe 5 Machi 2021, wakati mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipositisha kuingizwa kwa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa tena kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi kile kiwango cha sehemu 10 katika bilioni 1. Fikiri juu ya mkulima ambaye mahindi yake yalikuwa safi siku ile ya zuio. Alikuwa mkweli, lakini ukweli wake haukuwa na mdomo. Mahindi mazuri na mabaya yalisimamishwa pamoja mpakani kwa kukosa wa kuyatofautisha. Kumbe kipimo ambacho mzee anakiogopa kama mshitaki wake, ndicho pia wakili wake.

Na sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tuna sababu yetu zaidi. Nafaka inayofika Kigoma haibaki yote Kigoma. Iko inayopakiwa kwenye maboti katika mwalo wa Kibirizi na kuvuka kwenda upande wa Kongo, na iko inayopita Manyovu kuingia Burundi. Mama anayenunua kibaba ng'ambo ya ziwa hawezi kurudi kumuuliza mkulima wa Kasulu alikaushaje mahindi yake. Vilevile kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi watu wake wamekula chakula cha mgawo. Mwenye kupokea mgawo hachagui gunia. Hana bambo, wala hana bei ya kushusha. Asiye na nafasi ya kukataa, kipimo kilichofanywa kabla ndicho kauli yake pekee. Kwa hiyo usiseme kuwa kupima ni mapatano ya watu wawili tu. Wako wa tatu na wa nne wasioonekana, na Mungu anawaona.

Linabaki neno moja la mzee ambalo siwezi kulipita kwa haraka, nalo ni hasara. Ni rahisi kwa mwalimu asiyelima kumwambia mkulima amwage magunia yake. Basi nasema wazi: si haki kumdai maskini awe mkweli peke yake, na wengine wakae kivulini. Mnunuzi anayetaka nafaka iliyopimwa ailipe bei ya nafaka iliyopimwa. Vyama vya ushirika vikusanye nafaka na kugawana gharama ya mpimaji, maana gharama inayomshinda mmoja si nzito kwa hamsini. Wenye mamlaka wawasogeze wapimaji karibu na vijiji, kabla nafaka haijapanda gari. Na mkulima naye asikate tamaa upesi: sumu hukaa zaidi katika punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi, na kuzichambua kwa mikono hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kisha nafaka hupimwa upya. Ile isiyookoka isiliwe, wala wasipewe kuku na ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo huwadhuru kuku na huingia katika maziwa.

Msimu uliofuata mzee alirudi Ujiji, akaja darasani kama kawaida yake. Alitueleza kwamba chama chao kilimwita mpimaji, na kwamba katika magunia yake mawili hata baada ya kuchambua, sumu ilikuwa juu ya kiwango. Alichimba shimo mwisho wa shamba akayafukia, na mkewe akasimama kando kushuhudia, asije mtu akawapa kuku. Akaniuliza: "Sasa mwalimu, magunia yangu mawili nani atanilipa?" Sikuwa na jibu la fedha. Lakini wale vijana waliomcheka mwaka uliopita walinong'onezana, na Ijumaa iliyofuata kila mmoja alikuja na alichoweza, huyu debe, huyu nusu debe, mpaka gunia moja likajaa. La pili halikujaa. Mzee alilibeba lile moja, akashukuru, wala hakusema kuwa hasara imekwisha, kwa kuwa haikuwa imekwisha.

Ndugu msomaji, mwenye kutafuta dini ya kweli huuliza mara nyingi juu ya sala na saumu, na anafanya vema. Na aulize pia juu ya gunia lake. Anayeswali mstari wa mbele na huku anaogopa bambo la mpimaji, bado ana sehemu ya moyo wake ambayo hajaifungua mbele ya Mola wake. Mwenyezi Mungu atujalie ujasiri wa kuyajua yaliyomo katika magunia yetu, na atupe jamaa watakaobeba pamoja nasi hasara ya kuyajua. Amin.